Njaa Haina Rangi Nyekundu

Wauzaji wa vifaa vya kupaka rangi sanamu ndogo za vita huwa na chupa za damu. Kuna nyekundu mbichi, kuna ya kahawia kwa damu iliyokauka, na kuna nyingine nzito inayovutika nyuzinyuzi ukiichota kwa kijiti cha meno. Anayeanza kazi hii huzinunua mapema, kwa sababu zinaonekana kuwa njia fupi ya kumwambia mtazamaji kwamba hapa watu waliteseka. Mimi napaka rangi wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, wale waliobeba mizigo ya majeshi ya Ulaya kuvuka nchi zetu, nao walikufa kwa makumi ya maelfu. Chupa za damu sizigusi. Nitaeleza sababu, na katika kueleza nitasema pia namna ninavyoifanya kazi yenyewe, kwa kuwa mambo hayo mawili kwangu hayatenganiki.

Naishi Nottingham, Uingereza, na kazi yangu ni uuguzi. Mji huu ni kama makao ya sanamu ndogo. Games Workshop iko hapa, na kampuni nyingine kadhaa za aina hiyo ziko hapahapa au jirani. Kwa hiyo haishangazi kwamba muuguzi mwenzangu alikuwa mwanachama wa klabu ya michezo ya vita ya mezani, na jioni moja alinialika kwa sababu, alivyosema, siku hiyo wangecheza vita vya kwetu.

Mezani palikuwa na nyasi za bandia, michongoma, na kibao kilichoandikwa Rufiji. Askari wa Kijerumani walikuwa wamevaa tarbushi zenye kifuniko cha kaki, na wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika, walikuwa na kaptula na miguu mitupu, jinsi walivyokuwa kweli. Walikuwa wamepakwa kwa uangalifu mpaka vifungo vya shati na mikanda ya risasi. Nyuma yao palikuwa na wapagazi. Hao walipakwa kahawia moja kutoka utosini hadi kwenye nyayo, na kitambaa cheupe kiunoni, basi. Katika mchezo ule hawakuwa watu wa kupigana. Walikuwa alama ya akiba: ukiwapoteza, kikosi chako kinaishiwa risasi. Mchezaji alikuwa akiwaondoa mezani kwa kiganja, wote kwa pamoja. Niliomba niende nao nyumbani nikawapake upya, na yule bwana alinipa kwa moyo mweupe kabisa, akaniazima na brashi.

Nilianza kwa kusoma, maana sikutaka kupaka mtu nisiyemjua. Sababu ya wapagazi kuwapo ni mbung'o. Farasi, nyumbu na ng'ombe waliopelekwa kwenye kampeni ile walikufa kwa wingi kwa ugonjwa wanaouambukiza wadudu hao, reli zilikuwa chache na barabara zikawa matope wakati wa masika, kwa hiyo kila gunia na kila sanduku la risasi lilipanda kichwani mwa mtu. Mzigo wa kawaida ulikuwa kilo 25 hivi. Sasa piga hesabu. Mtu akila kilo moja ya chakula kwa siku, na ghala liko mwendo wa siku 10 kutoka kwenye jeshi, kwenda na kurudi anakula kilo 20 kati ya 25 alizobeba. Kadiri jeshi lilivyosonga mbele, ndivyo chakula kilivyoliwa njiani, na ndivyo walivyohitajika wapagazi zaidi wa kuwabebea wapagazi. Hadi vita vinakwisha Waingereza walikuwa wamekusanya karibu watu milioni moja kwa kazi hiyo, wengi wao kwa nguvu. Hesabu za serikali yenyewe ziliweka vifo kwenye 95,000 hivi, na wanahistoria wengi wanaamini walikuwa zaidi. Upande wa Wajerumani hawakuandika hata hesabu ya kueleweka.

Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimepata majina yao hapo, kwenye kikosi cha wapagazi, Carrier Corps. Nimenunua vitenge Kariakoo tangu nikiwa msichana.

Basi walikufa kwa nini? Hapo ndipo chupa ya damu inapoanza kusema uongo. Wachache walipigwa risasi. Waliobaki waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi na njaa, na mwishoni, mwaka 1918, na ile homa kali ya mafua. Unga waliopewa ulikuwa wa mahindi, mara nyingi umesagwa vibaya, na watu waliochoka kwa mwendo wa kutwa hawakuwa na kuni kavu wala muda wa kuupika ukaiva. Waliozoea wali au ndizi matumbo yao hayakuuhimili. Mwanzoni mwa 1917, bonde la Rufiji lilipofurika, chakula hakikufika na watu walipungua miili wakiwa bado wana mizigo kichwani. Ukimpaka mtu huyo tundu la risasi kifuani, umempa kifo kingine. Umemfanya shujaa wa vita ambavyo hakuulizwa kama anavitaka, na waliomwachia afe kwa unga mbichi umewasafisha.

Uuguzi ulinisaidia kuliko vitabu vyovyote vya kupaka rangi. Mtu aliyeishiwa maji mwilini namjua. Macho yamezama ndani ya fuvu, mashavu yamebonyea, midomo imepasuka, na ukiifinya ngozi ya mkono inabaki imesimama kabla ya kurudi taratibu. Nilijiuliza: haya yote yanaingiaje kwenye sanamu yenye milimita 28 kutoka kisiginoni hadi machoni?

Jibu la kwanza ni ngozi. Wengi hupaka ngozi nyeusi kwa kuweka kahawia kisha kuongeza nyeupe kidogokidogo sehemu zilizoinuka ili zipate mwanga. Nyeupe hiyo huleta kijivu, na mtu anaonekana kama amefukuliwa. Ngozi nyeusi yenye afya haifanyi hivyo. Vivuli vyake vina wekundu mzito au zambarau, katikati kuna kahawia yenye joto, na mwanga wake si nyeupe bali ni rangi ya kitu kinachoiangaza: asubuhi inaelekea chungwa, adhuhuri inaelekea samawati ya mbinguni. Kwa askari napaka hivyo, kisha naweka vanishi yenye mng'ao hafifu sana usoni na mabegani, maana walikuwa wakila. Kwa mpagazi wa Rufiji nafanya kinyume. Naondoa ule wekundu safu kwa safu, nazimua kijivu-kahawia kwa maji mpaka iwe nyepesi kabisa, naipitisha kwenye magoti, viwiko, visigino na kingo za mbavu. Ngozi yake imepauka. Kila mtu aliyekulia kwetu anajua ngozi ya mtoto asiyepakwa mafuta, na anajua ngozi ya mgonjwa, na anajua si kitu kimoja. Ya mgonjwa imepauka hata palipo na jasho. Vanishi hapo ni ile isiyong'aa hata chembe.

Macho ni suala jingine, na hapa nina msimamo mkali. Sanamu za kale za askari na watumishi wa Kiafrika zilizotengenezwa Ulaya zilikuwa na macho meupe yaliyotumbuka na midomo miekundu. Ni dharau iliyopakwa rangi, na bado inaendelea kwa mazoea tu, kwa sababu ufundi wa kawaida unakuambia uanze na nyeupe ya jicho kisha uweke nukta nyeusi. Katika ukubwa huu nyeupe ya jicho humfanya mtu yeyote aonekane ameshtuka. Mimi napaka mstari mmoja wa kahawia nyeusi chini ya nyusi, na chini yake kivuli cha zambarau iliyozimuliwa. Mtazamaji ataona jicho lililozama, na uso utabaki uso wa mtu mzima.

Kisha miguu. Kwenye miguu nakaa muda mrefu kuliko popote. Funza waliwatafuna wapagazi vidole, na vidonda vilivyotokana na hao viliwalemaza wengi. Mnara wa ukumbusho wa Nairobi, ule wenye watu watatu wa shaba ambao mmoja wao ni mpagazi, una maneno ya mwandishi wa Kiingereza Rudyard Kipling yanayowaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Kipling alisema kweli zaidi ya alivyokusudia, nadhani, kwa sababu jeshi liliwatumia hivyohivyo, viungo bila mwenye viungo. Kwa hiyo nataka miguu hiyo iwe na mwenyewe. Nakata vidole viwili vitatu kwa kisu chenye ncha, navikunja upya kwa udongo wa epoksi ili mtu aonekane anakanyagia ukingo wa nje wa wayo, kama anavyokanyaga mwenye kidonda. Mwendo wote wa mwili hubadilika. Nyonga inapanda, bega linashuka, shingo inajikaza kuushika mzigo. Hakuna tone la damu hapo, na watu wakimtazama huacha kuzungumza.

Si wote. Kuna tatizo moja la sanaa hii ambalo halina dawa kamili, nalo ni udogo wenyewe. Kitu kidogo kilichotengenezwa vizuri hupendeza, kiwe nini. Katika maonyesho ya kila mwaka ya klabu nilisikia mtu akiinama juu ya mpagazi aliyelala chini ya mti na kusema, kwa sauti ya kumsifu mtoto mchanga, jinsi alivyo mzuri. Alimaanisha wema. Ila mimi nilijua kwamba kitu fulani katika sanamu ile kilikuwa kinamruhusu kusema vile, na nilirudi nyumbani nikakitafuta. Kilikuwa kitako, yaani kile kipande cha chini kinachobeba sanamu. Nilikuwa nimeweka mti wenye majani ya rangi tatu, maua ya njano, na kijito kilichomiminwa kwa gundi inayong'aa. Siku hizi kitako cha mpagazi aliyeanguka ni matope tu, kahawia-kijivu, makubwa kuliko sanamu inavyohitaji, na mtu hayupo katikati. Jicho la mtazamaji linalazimika kuvuka mahali patupu kabla ya kumfikia.

Wapo waliojaribu njia nyingine. Ndugu wawili wa Kiingereza, Jake na Dinos Chapman, walitengeneza jehanamu ya Wanazi kwa maelfu ya askari wadogo wa plastiki ndani ya makasha ya kioo, na kazi hiyo iliungua katika moto wa ghala la London mwaka 2004, wakaitengeneza upya. Nguvu yake iko kwenye wingi: jicho linachoka, halina pa kupumzika. Naielewa, lakini kwangu haifai. Wapagazi wameshakuwa wingi tangu mwanzo. Tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita, katika ripoti yake ya mwaka 2021, ilikiri kwamba Waafrika na watu wengine wa makoloni wasiopungua 116,000, na huenda zaidi sana, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Nikiongeza sanamu elfu moja zinazofanana nitakuwa narudia kosa lilelile kwa brashi. Napaka mmojammoja, na sichukui mwingine kabla wa kwanza hajaisha.

Aliyenifundisha zaidi kuhusu nafasi na ukimya ni Clara Sörnäs, mchongaji wa Sweden, ingawa sikuwahi kuonana naye. Kazi yake iko Mkunazini, Unguja, kwenye uwanja wa Kanisa Kuu la Anglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa baada ya soko hilo kufungwa mwaka 1873. Watu watano wamesimama ndani ya shimo, shingo zao zimeunganishwa kwa mnyororo, na mnyororo huo ni wa kweli, wa enzi ile. Unawatazama kutoka juu, kwa hiyo umewekwa mahali pa mnunuzi hata kama hukutaka. Nilisimama pale na binamu yangu mpaka mwongozaji akatuita. Nilichoondoka nacho ni kwamba mchongaji anaweza kuchagua mtazamaji asimame wapi. Tangu hapo naweka wapagazi wangu juu ya kabati, kwenye usawa wa macho. Asiwepo wa kuwatazama kutoka juu kama mchezaji anavyotazama meza yake.

Kwa upande wa familia, jambo halikuwa rahisi, na sikutegemea liwe rahisi. Nilipokwenda likizo nilibeba wapagazi wachache ndani ya kopo la biskuti lililojazwa pamba, nikafika nao Utete kwa shangazi yangu. Kopo lenye watu wadogo wenye sura, waliokonda, mmoja amelala kama maiti: mtu yeyote wa kwetu anajua hilo linaweza kufikiriwa nini. Shangazi alifunika kopo kwa mkono.

"Mwanangu, vitu hivi umevipata wapi?"

"Nimevitengeneza mwenyewe, shangazi. Ni wapagazi wa vita vya Mjerumani."

"Na huyu aliyelala, ana jina?"

"Hana, shangazi. Sijampa."

"Usimpe."

Alinyamaza kidogo, kisha akafunua kopo na kumtoa, akamweka kiganjani. Akanihadithia kwamba babu yake mzaa baba alichukuliwa kwenye mizigo akiwa kijana, akarudi amekonda hata mama yake hakumtambua kwa haraka, na mpaka anazeeka hakukaa jirani na sufuria ya uji wa mahindi. Harufu tu ilimwinua. Katika nyumba ile ya wakulima wa mpunga watu walidhani ni maringo ya kupenda wali. Nilipomweleza shangazi habari za ule unga uliosagwa vibaya, aliuliza maswali mengi kuliko mtu yeyote aliyewahi kuzitazama sanamu zangu: walipika kwa chombo gani, walipewa chumvi, nani alimwambia mtu apumzike. Mengine nilijibu. Mengine nimeyachukua nikayatafute.

Neno lake la jina nimelishika kama sheria. Sanamu zangu hazina majina. Watu wa maonyesho hupenda kibao chenye jina la kubuni na hadithi fupi, na wanasema hivyo mtazamaji anaguswa. Mimi naona kumpa jina la uongo mtu ambaye jina lake la kweli lilipotezwa na karani ni kumfuta mara ya pili. Kwenye kibao naandika mahali, mwezi, mwaka na kilichomuua. "Rufiji, Machi 1917. Kuhara damu."

Yapo nisiyoyapaka. Watumwa wenye minyororo sitawapaka. Mkunazini pametosha, na katika milimita 28 mnyororo unakuwa kidani. Kunyongwa kwa viongozi wa Wangoni pale Songea tarehe 27 Februari 1906 niliombwa na mtu mwenye nia njema kabisa, nikakataa. Mti wa kunyongea una umbo linaloteka jicho, na waliokuwa juu yake wanageuka kuwa sehemu ya umbo hilo. Tena Maji Maji nayo iliua zaidi kwa njaa kuliko kwa kamba na risasi: serikali ya Kijerumani ya Gavana von Götzen ilichoma mashamba na maghala, na wanaokadiria vifo kuwa laki mbili na nusu hadi tatu wanahesabu hasa waliokufa kwa kukosa chakula. Nikipata siku moja uwezo wa kupaka ghala tupu na jivu lake, likaeleweka bila mtu ndani, nitalijaribu.

Kwa sasa kilicho mezani kwangu ni mwanamke. Safu ya von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, iliyosalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, ilikuwa na wanawake na watoto ndani yake, familia za askari na wapagazi, na wapo waliojifungua njiani. Katika sanamu zote nilizoziona madukani sijawapata, kwa hiyo namfinyanga kwa epoksi juu ya waya. Nguo yake nimeshaiamua, ni kaniki, na kaniki iliyofuliwa mtoni miezi mingi haiwi nyeusi tena bali samawati chafu yenye weupe kwenye mikunjo. Kinachonishinda ni shingo. Wanaume wenye mzigo kichwani hupeleka kiuno mbele kidogo, lakini yeye ana mtoto mgongoni, na uzito wa mtoto unamvuta kwa nyuma wakati wa mzigo unamkandamiza kutoka juu. Picha chache za zamani nilizonazo zimepigwa watu wakiwa wamesimama, hakuna anayetembea. Kama nyumbani kwenu yupo bibi aliyehadithiwa na bibi yake safari zile, tafadhali muulize mtoto alifungwaje, mbeleko ilipita juu ya matiti au begani, na mzigo uliwekwa kwenye kata ya majani au ya nguo.